Fundi, Ninunue Pikapu ya Cc Ngapi?

Barua nne kati ya zilizofika mezani kwangu hapa Mbale, Uganda, mwezi huu zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: je, pikapu yenye injini ndogo inaokoa mafuta kweli, au ni maneno ya wauzaji? Nimeona ukurasa mzima uwe wa suala hilo. Cc ni kipimo cha ukubwa wa injini: 1.9 ni lita 1.9, yaani kama cc 1,900. Barua ya kwanza nitaijibu kwa urefu, maana aliyeiandika yuko karibu kutoa fedha nyingi.

"Kijana wa bondi anaapa itakwenda kilomita 12 kwa lita"

*Fundi, salamu nyingi. Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza kabichi na vitunguu. Kila Jumatatu natoka Kapchorwa na Hilux yangu ya dizeli, 3.0, ya mwaka 2010. Napita Mbale, Tirinyi, Iganga na Jinja hadi soko la Kalerwe. Kwenda na kurudi ni karibu kilomita 600 na inanimalizia lita 67. Sasa kijana wa bondi moja la Kampala, wanakouza magari yaliyotoka nje, ananiambia nimwachie hii yangu, nimwongeze shilingi milioni 30, naye anipe Isuzu D-Max ya 1.9. Anaapa inakwenda kilomita 12 kwa lita. Shemeji yangu anasema injini ndogo ikibebeshwa mzigo inakunywa kuliko kubwa. Nimsikilize nani?*
*— Mama muuza kabichi, Kapchorwa*

Mama, pole na barabara. Kabla ya kufungua boneti tushike kalamu.

Lita 67 kwa kilomita 600 ni kilomita 9 kwa lita. Kijana anaahidi 12, maana yake lita 50 kwa safari. Dizeli tuihesabu shilingi 5,000 kwa lita ili hesabu iwe rahisi. Ahadi yake ikitimia yote, utabakiza lita 17 kila safari, sawa na shilingi 85,000. Kwa safari 50 za mwaka ni 4,250,000. Milioni 30 zako zitarudi baada ya miaka 7. Na hiyo ni hesabu yake yeye, ya gari tupu linalotembea polepole bila foleni. Kwa safari yako, na magunia ya kabichi yaliyopita urefu wa kabini, mimi natarajia 10, labda 10 na nusu. Kwa 10 utabakiza lita 7, yaani shilingi 35,000 kwa safari, 1,750,000 kwa mwaka. Hapo milioni 30 zinarudi baada ya miaka 17. Watoto wako wote wanne watakuwa wamemaliza shule.

Kwa hiyo jibu la mfuko wako ni usibadilishe. Ila umeuliza pia nani ana haki, na hilo nataka nilieleze vizuri, kwa sababu kijana wa bondi na shemeji yako kila mmoja ameshika kipande cha ukweli.

Mafuta unayonunua yanafanya kazi za aina mbili. Ya kwanza ni kazi ya nje: kusukuma upepo ulio mbele ya gari, kuzungusha matairi, kuinua gari mlimani. Kazi hii haiulizi cc. Chukua pikapu na mzigo wake, jumla tani 3, uipandishe mita 600 kutoka Mbale kwenda kwenu, na kupanda kwenyewe tu kutahitaji karibu lita moja na nusu ya dizeli, injini iwe ya 1.9 au ya 3.0. Mlima ni ule ule na uzito ni ule ule. Lita moja ya dizeli ina nguvu yake iliyopimwa, na injini nzuri ya dizeli hugeuza kama theluthi moja au zaidi kidogo ya nguvu hiyo kuwa mwendo. Iliyobaki inaondoka kama joto kwenye radieta na eksozi.

Kazi ya pili ni ya ndani. Pistoni zinasuguana na silinda, beringi zinazunguka kwenye oili, pampu zinasukuma, vali zinafunguka na kufunga. Kodi hii injini inalipa hata gari likiwa limesimama. Injini kubwa ina vyuma vikubwa vya kusuguana, kwa hiyo kodi yake ni kubwa. Ukikaa kwenye foleni ya Mukono saa nzima, injini ikinguruma na gari halisogei, 3.0 yako inachoma mafuta zaidi ya 1.9 na hakuna hata kabichi moja iliyosogea. Hapo ndipo injini ndogo inashinda wazi: mjini, gari tupu, mwendo wa pole, kusimama na kuondoka.

Kazi ya nje ikiwa nyepesi, kodi ya ndani ndiyo inayoonekana, na ndogo inashinda. Kazi ya nje ikiwa nzito, kodi ya ndani inamezwa, na zote mbili zinakaribiana. Ndiyo maana watu wawili wenye pikapu moja wanabishana hadi wanagombana, na wote wanasema kweli. Mmoja anazunguka Nakawa na Ntinda mjini Kampala akiwa na kompyuta mpakato kwenye kiti, mwingine anabeba mawe.

Shemeji yako anapokosea ni pale anaposema ndogo itakunywa *kuliko* kubwa. Kwa dizeli yenye turbo (feni inayoisukumia injini hewa zaidi) na nguvu inayotosha mzigo, hilo si kawaida. Kinachotokea ni kwamba faida inayeyuka. Ndogo huanza kunywa kuliko kubwa pale inapozidiwa: dereva anashusha gia, anakanyaga hadi mwisho, injini inapiga kelele muda wote. Nitakupa mfano chini, nao si mzuri kwangu.

Kuna kitu kingine ambacho wauzaji hawakisemi, labda hata wao hawakioni. Wanapolinganisha 1.9 na 3.0 yako, hawalinganishi ndogo na kubwa. Wanalinganisha mpya na ya zamani. Injini yako ya 3.0 ilibuniwa zamani. Ile 1.9 ina nozeli zinazopuliza dizeli kwa shinikizo la juu zaidi, na ni nyepesi. Ukitaka kujua udogo wenyewe unasaidia kiasi gani, linganisha ndugu wa tumbo moja. Toyota ilitoa 2.4 na 2.8 pamoja mwaka 2015, teknolojia moja, bodi moja. Waulize madereva wanaoziendesha kwenye kazi moja: tofauti ya mafuta ni ndogo. Na ile 2.4 inavuta hadi Nm 400 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuvuta), wakati 3.0 ya kizazi chako ni 343 au 360 kutegemea gia iliyofungwa. Ndogo mpya inaishinda kubwa ya zamani kwa kuvuta. Kwa hiyo ukiambiwa "injini ndogo inaokoa", jiulize kwanza kama anayekuambia anasifu udogo au upya.

Sasa jambo lililonifurahisha kwenye barua yako: mzigo wako *unashuka*. Kabichi zinatoka juu kwenda chini. Mlima mkubwa unaupanda ukirudi, gari likiwa jepesi. Kwa kazi ya namna hii, siku Hilux yako ikichoka kabisa na ukalazimika kununua nyingine, 1.9 au 2.4 itakutosha bila wasiwasi. Ukiichukua iliyotoka Uingereza, uliza hali ya kichujio cha masizi kwenye eksozi. Safari zako ndefu ni nzuri kwa kichujio hicho, ila kama aliyetangulia aliliendesha mjini tu, unaweza kukikuta kimeziba.

Mfano niliouahidi ni huu. Mwaka 2016 mama mmoja wa hapa Mbale, mjane, alikuwa akipandisha saruji na soda kwenye maduka ya huko juu kwenu. Hilux yake ya dizeli ya 3.0 ilichoka nozeli, na nozeli nne mpya zilikuwa bei ya kutisha. Mimi ndiye niliyemshauri aiuze, anunue Hilux ya petroli ya 2.0. Nilimwambia injini ni nyepesi, spea ni rahisi, mafuta yatapungua. Wiki ya tatu akaja gereji na risiti zake za petroli zimefungwa kwa mpira wa nywele, akazipanga juu ya boneti moja moja. Hakupandisha sauti. Niliingia naye garini tukapanda hadi Sipi na mifuko 18 ya saruji. Kwenye kona za juu gari liliganda gia ya pili, mshale wa mizunguko ukigusa 4,500 kwa dakika, mguu wa dereva umefika sakafuni, na harufu ya klachi imejaa ndani. Injini ile ina Nm 183, na inazitoa mizunguko ikifika 4,000. Dizeli aliyoiuza ilikuwa na 343, na inazitoa kuanzia mizunguko 1,400. Nilikuwa nimemnyang'anya ng'ombe nikampa mbuzi, nikamwambia alime.

Nilimsaidia kuiuza ile ya petroli na kumtafutia dizeli nyingine. Ujira sikuchukua, lakini hasara aliyoipata katikati haikurudi. Tangu hapo simshauri mtu cc kabla ya kumuuliza maswali mawili: unabeba nini, na kinapanda au kinashuka?

Mama, la mwisho kwako, na hili lifanye Jumatatu hii. Kilomita 9 kwa lita kwa Hilux ya 3.0 yenye mzigo si vibaya, ila inawezekana ipo lita inayovuja mahali usipopatazama. Ukifika kwenye tambarare ya Tirinyi, kule kwenye mashamba ya mpunga, tembea kilomita kama kumi bila kukanyaga breki sana, kisha acha gari lisimame lenyewe pembeni mahali salama. Zunguka matairi yote manne na usogeze kiganja karibu na rimu, usiguse. Yote yawe na joto linalofanana. Moja likikuchoma, breki yake imeng'ang'ania. Usipime ukishuka mlima wa Sipi, maana huko breki zote zinachemka.

Februari hii dereva mmoja wa ndizi alinijia akitaka nimfungie injini ndogo, eti yake inakula. Niliinua gurudumu la nyuma la kushoto kwa jeki, nikalizungusha. Gurudumu zima linatakiwa lizunguke kwa msukumo wa mkono mmoja. Hili nililisukuma kwa mikono miwili, likaenda nusu duara, likasimama. Waya wa breki ya mkono ulikuwa umeshika kutu ndani ya ganda lake, haurudi. Tulipotoa ngoma ya breki ilikuwa imegeuka rangi ya samawati kwa joto, na tone la maji lililodondoka kutoka kwenye chupa yangu lilichemka papo hapo. Alikuwa ameendesha miezi akivuta breki ya gurudumu moja kutoka Mbale hadi Kampala. Waya mpya na kazi yote havikufika hata nusu ya bei ya tairi moja.

Angalia na upepo wa matairi ya nyuma. Kibandiko kilichopo kwenye mlango wa dereva kinaonyesha kiwango cha gari tupu na cha gari lenye mzigo. Wengi wanajaza cha gari tupu, wanapakia tani nzima, halafu wanailaumu injini. Na mwambie dereva wako apunguze mwendo kati ya Iganga na Jinja. Ukitoka 80 kwenda 110 kwa saa, upepo unaokuzuia unakaribia maradufu, na kwa magunia yaliyosimama juu ya kabini unasukuma ukuta.

"Mbona Wamarekani wameacha V8?"

*Fundi, mimi ni mwanafunzi wa ufundi wa magari, Tororo. Mwalimu wetu alituambia kampuni za Marekani zimeacha injini kubwa za V8, zenye silinda nane, kwenye pikapu na kuweka ndogo zenye turbo ili kuokoa mafuta. Kama wao wenye petroli nyingi wamefanya hivyo, si ni ushahidi kwamba ndogo inaokoa?*
*— Mwanafunzi, Tororo*

Kijana wangu, mwalimu wako yuko sahihi kwa sehemu: V8 hazijaachwa kabisa, ila ndogo zenye turbo zimeongezeka. Ford ilianza na F-150 ya modeli ya mwaka 2011, ikaweka V6 (silinda sita) ya lita 3.5 yenye turbo mbili kando ya V8 ya lita 5.0. Ile V6 ilikuwa na nguvu farasi 365 na ile V8 farasi 360, na kwa kuvuta V6 ilikuwa mbele kabisa. Chevrolet Silverado ya 2019 ikapata injini ya silinda nne, lita 2.7, kwenye gari kubwa kama chumba. Toyota nayo iliondoa V8 ya 5.7 kwenye Tundra ya 2022, ikaweka V6 ya 3.4 yenye turbo mbili.

Lakini angalia mambo mawili kabla hujaihamishia Tororo hoja hiyo.

La kwanza, pikapu hizo ni za petroli. Injini ya petroli ina mlango wa hewa. Ukitaka iende polepole unaufunga mlango huo, na injini inabaki kunyonya hewa kwa shida. Umewaona wazee wanavyokunywa malwa, pombe ya ulezi: mrija ukiwa wazi wanavuta bila taabu, ukiubana kwa vidole mashavu yanaingia ndani. Injini kubwa ya petroli kwenye mwendo mdogo ni mzee anayevuta mrija uliobanwa siku nzima. Injini ndogo kwa kazi ile ile mlango wake unakuwa wazi zaidi, kwa hiyo inapumua bila kupoteza nguvu nyingi. Hiyo ndiyo faida kubwa ya udogo kule Marekani. Dizeli kwa kawaida haibanwi hewa hivyo; inapunguziwa mafuta tu. Kwa hiyo faida hiyo dizeli zetu zinayo tayari, iwe 1.9 au 3.0, na kupunguza cc kunaongeza kidogo tu juu yake. Ukilichukua neno la Marekani ukaliweka juu ya Hilux ya dizeli bila kulikagua, unakosea somo. Hili liandike kwenye daftari lako.

La pili ni mzigo. Kipimo cha mafuta cha serikali ya Marekani hufanywa maabara, gari likiwa juu ya rola, kwa uzito wake na kilo 136 tu za watu na vitu. Hakuna tela. Turbo ya petroli ikianza kupuliza kwa nguvu, joto la eksozi linapanda, na kompyuta ya gari inaongeza petroli ya ziada ambayo haichomwi vizuri. Kazi yake ni kupoza tu ili turbo na katalisti, kile kisafisha moshi cha kwenye eksozi, visiungue. Hapo injini ndogo inakunywa kweli. Mwaka 2013 jarida la Consumer Reports la huko huko Marekani lilieleza kwamba injini nyingi ndogo za turbo ililozipima barabarani hazikuleta akiba iliyotangazwa. Na wanunuzi wenyewe hawajakubaliana: Ram iliiondoa V8 ya Hemi 5.7 kwenye pikapu yake ya 1500 ya modeli ya 2025, kisha Juni 2025 ikatangaza kuirudisha kwa modeli ya 2026.

Dizeli haina tabia hiyo ya kujipoza kwa mafuta. Hiyo ni sababu nyingine 1.9 ya dizeli yenye mzigo haiadhibiwi kama 2.7 ya petroli yenye tela.

Nifanyie kazi moja ya nyumbani. Tafuta pikapu yoyote hapo Tororo, hata ya mwalimu. Jaza tangi hadi bomba la pampu lijikate lenyewe, andika kilomita, mwache aendeshe siku zake, kisha jaza kwenye pampu ile ile, gari likiwa limesimama upande ule ule, maana sakafu ya kituo ikiinama kidogo tu lita inapotea. Fanya mara tatu, mara moja ikiwa na mzigo wa saruji. Kama matairi ni makubwa kuliko ya kiwandani, saa ya kilomita inahesabu pungufu, kwa hiyo linganisha na simu. Ukimaliza utakuwa na ushahidi wako mwenyewe, na ningependa uniandikie umepata nini.

"Moshi mweusi na mlima"

*Fundi, mimi ni askari mstaafu, Kabale. Nina Hilux ya zamani ya dizeli, lita 2.8, haina turbo. Inatoa moshi mweusi na haina nguvu milimani. Fundi mmoja hapa anataka kunifungia turbo ya mtumba, mwingine anasema nibadilishe injini niweke ndogo. Nifanye lipi?*
*— Mstaafu, Kabale*

Afande, usifanye lolote kati ya hayo.

Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa yenu imepungua kama sehemu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Injini isiyo na turbo inavuta hewa iliyopo, lakini pampu yake ya kizamani ya dizeli haijui kama uko Mombasa au Kabale. Inapuliza dizeli ile ile. Hewa haitoshi, dizeli haichomwi yote, ndiyo huo moshi mweusi. Unaiona pesa yako ikiruka hewani. Injini ndogo isiyo na turbo itakuwa mbaya zaidi, maana itakosa hewa zaidi kwa mzigo ule ule.

Turbo ya mtumba juu ya injini ambayo haikubuniwa kwa turbo ni kuzipa pistoni na gaskiti ya kichwa mzigo zisioujua. Nimezifungua mbili zilizofanyiwa hivyo, na zote mbili kichwa kilikuwa kimepasuka.

Anza na filta ya hewa. Itoe, iangalie dhidi ya jua. Usipoona mwanga, tupa. Kisha nozeli zipimwe kwenye mashine, zile zinazodondosha matone badala ya kunyunyiza ukungu zibadilishwe ncha. Mwisho, fundi wa pampu apunguze kipimo cha dizeli kidogo kidogo hadi moshi uwe wa kijivu hafifu ukipanda. Nguvu haitapungua kama unavyoogopa, kwa sababu dizeli uliyokuwa unapoteza haikuwa inakusukuma. Ukija siku moja kununua gari lingine, hapo ndipo nitakwambia kwa moyo wote: tafuta lenye turbo ya kiwandani, hata likiwa na cc chache. Kwa mtu wa Kabale turbo ina maana kubwa kuliko kwa mtu wa pwani.

"Pikapu ya shule"

*Fundi, mimi ni mwalimu mkuu wa shule moja karibu na Soroti. Bodi inataka kununua pikapu ya kubeba maharage, unga na wakati mwingine mgonjwa. Ni safari fupi fupi, kilomita 6 kwenda mjini na kurudi, barabara tambarare. Petroli 2.0 au dizeli 2.4?*
*— Mwalimu mkuu, Soroti*

Mwalimu, baada ya yote niliyosema juu ya petroli ya 2.0 kwa mlima wa Kapchorwa, utashangaa: kwenu ndiyo ichukueni. Soroti ni tambarare, mzigo ni magunia machache, na safari ni fupi kiasi kwamba dizeli haitapata hata joto la kufanya kazi vizuri. Dizeli mpya yenye kichujio cha masizi ikiendeshwa hivyo kila siku, kichujio hicho kitaziba, na kukisafisha au kukibadilisha kutamaliza akiba yenu ya miaka. Lita ya dizeli ina nguvu zaidi ya lita ya petroli, kama sehemu moja ya kumi, kwa hiyo kwenye daftari la mafuta petroli itaonekana inakula zaidi. Waelezeni wajumbe wa bodi mapema ili dereva asishukiwe wizi. Ila pikapu ya petroli kwa kawaida ni nafuu kununua na kutengeneza, na kwa kilomita chache mnazotembea, tofauti ya mafuta haitaifikia tofauti hiyo ya bei.

Kuhusu mgonjwa: chukueni dabo kebini yenye viti na mikanda ya kiwandani, mtoto asilazwe nyuma kwenye sehemu ya mizigo hata kama ni kilomita 6 tu.